Ndege wavumaji: kwa nini wako aina nyingi hivyo?

Umeuliza kama ndege wavumaji (kwa Kiingereza "hummingbirds") wote ni wa aina moja wenye rangi tofauti. Hapana, ni familia nzima, Trochilidae, yenye spishi 360 hivi, na zote zinaishi bara la Amerika tu, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini kabisa. Ndege waitwao chozi, wa Afrika na Asia, hawamo, ingawa nao hunywa mbochi (maji matamu ya maua). Jamaa wa karibu wa wavumaji ni ndege waitwao teleka.

Wingi huo umetokana hasa na milima ya Andes ya Amerika Kusini. Ilipoinuka, kila bonde na kila kimo kikapata hali yake ya hewa na maua yake, na ndege waliotenganishwa wakabadilika kila kundi kivyake. Ndiyo maana Ekuador, nchi ndogo tu, ina zaidi ya spishi 130, wakati mashariki ya Marekani huzaliana moja tu.

Tofauti za maumbile nazo si mchezo. Yule mdogo kuliko ndege wote duniani, wa Kuba, ana urefu wa sentimita 5 au 6 na uzito wa gramu 2 hivi. Wale wakubwa wa Andes hufika gramu 20. Ninayempenda mimi ni mwenye mdomo-upanga (Ensifera ensifera): mdomo wake ni mrefu kuliko mwili wake ukiacha mkia, kwa hiyo hawezi kujisafishia manyoya nao. Hujikuna kwa miguu, maskini!