Jibu: Jenomu ya ndege wangu imezidi ukubwa uliotarajiwa

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba jenomu (DNA yote) ya ndege wako jike wa porini, baada ya kuunganishwa na programu, imetoka na besi (herufi za DNA) bilioni 1.7 ilhali ulitarajia takriban bilioni 1.1.

Kabla ya kurudia kazi yote, chora histogramu ya mara ambazo kila kipande cha herufi 21 za DNA hujirudia katika data ghafi. Ikionyesha vilele viwili vilivyo wazi, basi nakala ya mama na ya baba zimetofautiana kiasi cha programu ya kuunganisha kuzihesabu kama sehemu mbili, jambo lililonipata nami. BUSCO, programu inayotafuta jeni zinazotarajiwa kuwa na nakala moja tu, itathibitisha kwa wingi wa jeni zilizojirudia. Nilitumia purge_dups, programu ya kuondoa marudio hayo, lakini nakusihi sana uzitenge kwanza Z na W, kromosomu za jinsia za ndege: kwa jike kila moja ina nakala moja tu, hivyo kina chake cha usomaji (mara ambazo kila sehemu imesomwa) ni nusu ya kromosomu nyingine, na programu yaweza kuifuta W ikidhani ni marudio.

Angalia pia tishu uliyotumia. Kwa ndege waimbaji, ovari hubeba kromosomu ya ziada isiyokuwamo mwilini kwingine. Damu ni bora zaidi, kwani seli nyekundu za ndege zina kiini.