Asilimia ya nini? Maswali yenu na majibu

Nimesoma kuwa watu wa Mkoa wa Dodoma wameongezeka kwa asilimia 48. Kwingine naambiwa 3.9. Nani mkweli? (Msomaji, Area C)

Wote wakweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoani kwetu, ya 2022 ikapata 3,085,625. Ongezeko ni 1,002,037. Ligawanye kwa idadi ya 2012, siyo ya 2022 (hapa ndipo wengi huteleza), kisha zidisha kwa mia: unapata 48.1. Hiyo ni ya miaka kumi yote. Ile 3.9 ni kasi ya mwaka mmoja.

Utauliza, mbona isiwe 4.8? Kwa sababu watu huongezeka juu ya walioongezeka. Watoto waliozaliwa na wageni waliohamia mwaka wa kwanza wanakuwa sehemu ya msingi wa hesabu ya mwaka wa pili, kwa hiyo kasi ndogo kuliko 4.8 inatosha kufika palepale.

Kasi ya nchi nzima kwa kipindi hicho ilikuwa 3.2. Usiidharau tofauti hiyo. Gawanya 70 kwa kasi ya mwaka, utapata kwa makadirio miaka ya idadi kuongezeka maradufu: kwa 3.2 ni kama miaka 22, kwa 3.9 ni 18. Anayepanga madarasa na visima amepunguziwa miaka minne.

Shikamoo. Bei ya zabibu ilishuka kwa asilimia 40, sasa dalali anasema imepanda kwa asilimia 40, eti tumerudi palepale. Mbona mfukoni sioni? (Mkulima, Mpunguzi)

Marahaba. Mfuko wako unajua hesabu. Tuseme kilo ilikuwa shilingi 2,000. Ikishuka kwa asilimia 40, inabaki 1,200. Sasa ipandishe kwa asilimia 40, lakini ya hiyo 1,200: ni shilingi 480 tu. Jumla 1,680. Bado unadai 320 kwa kila kilo, na ili 2,000 irudi, bei ingepaswa kupanda kwa karibu asilimia 67.

Kwenye hiyo asilimia 40 dalali hajasema uongo, ila palepale hamjarudi; huyo ni mtu wa kuongea naye kwa shilingi. Akianza asilimia, mwambie ataje bei ya kilo, ya mwanzo na ya leo.

Ufaulu wa shule yetu umetoka asilimia 60 hadi 75. Mkuu wa shule anasema umepanda 15, mwenzangu anasema 25. Niandike ipi kwenye ripoti? (Mwalimu, Kondoa)

Andika "kutoka asilimia 60 hadi 75", usibishane na mtu. Mkuu anahesabu pointi, yaani 75 toa 60; mwenzako anagawanya 15 kwa 60. Ni kama VAT ilipopunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009: pointi 2, au punguzo la asilimia 10 ya kodi yenyewe. Anayetaka kujisifu huchagua kubwa. Ongeza na idadi ya watahiniwa, maana darasa la watu 20 linapanda pointi 5 kwa mtoto mmoja tu.

Mwezi jana niliuza jozi 2 za viatu, mwezi huu 6. Naweza kutangaza kuwa biashara imekua kwa asilimia 300? (Kijana, Majengo)

Ni 200. Na usitangaze bado, uza kwanza.