Penguin Random House inavyofanya kazi, kwa anayetaka kuipelekea muswada

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama unaweza kuituma riwaya yako moja kwa moja Penguin, na kwa nini kampuni hiyohiyo inajitokeza kwenye vitabu kwa majina mengi tofauti. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye duka la vitabu London, upande wa kuagiza mzigo, na sasa ni mhariri hapa Dar es Salaam. Nitajibu kwa niliyoyaona huko na huku, na nitaanza na swali lako la pili, maana ndilo linalofungua la kwanza.

Huku kwetu tumezoea wachapishaji wanaoishi kwa vitabu vya kiada. Kitabu kikipata idhini kikaingia shuleni, kimeuzika. Penguin Random House inaishi kwa vitabu ambavyo hakuna mtu anayelazimika kuvinunua: riwaya, wasifu, mapishi, vitabu vya watoto. Kila kitabu kipya ni kamari. Kinachoiwezesha kampuni kucheza kamari hiyo mwaka baada ya mwaka ni vitabu vya zamani, vile ambavyo gharama zake zilisharudi na bado vinauzwa. Ukilielewa hilo, historia yao yote inasomeka.

Allen Lane alipoianzisha Penguin mwaka 1935, vitabu vyake 10 vya kwanza havikuwa vipya hata kimoja. Vilikuwa vimeshatolewa na wachapishaji wengine kwa jalada gumu na bei kubwa. Yeye alinunua haki za kuvitoa kwa jalada laini, akaviuza kwa peni 6, akavipeleka hata Woolworths, duka la bidhaa za bei nafuu, badala ya kungoja wateja wa maduka ya vitabu peke yao. Miongoni mwa waandishi hao walikuwemo Ernest Hemingway na Agatha Christie. Kule New York, Bennett Cerf na Donald Klopfer walikuwa wamepita njia hiyohiyo: mwaka 1925 walinunua Modern Library, mfululizo wa vitabu vilivyokwisha kujulikana, na mwaka 1927 wakaanzisha Random House juu ya mapato yake.

Baada ya hapo ni hadithi ya kununuana. Random House iliwachukua wachapishaji wenzake, Knopf mwaka 1960 na Pantheon mwaka 1961, kisha yenyewe ikanunuliwa na RCA, kampuni ya redio na televisheni, mwaka 1965, ikaenda kwa familia ya Newhouse, wenye magazeti, mwaka 1980, na mwaka 1998 ikaishia kwa Bertelsmann, kampuni ya Gütersloh, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1835 kwa kuchapa vitabu vya dini. Penguin nayo ilinunuliwa na Pearson, kampuni ya Uingereza, mwaka 1970, mwaka aliofariki Lane. Tarehe 1 Julai 2013 hizo mbili ziliunganishwa, Bertelsmann ikiwa na asilimia 53 na Pearson 47. Pearson ikauza hisa zake kidogo kidogo, na tangu 2020 kampuni nzima ni ya Bertelsmann.

Ndiyo maana majina ni mengi. Anayenunua kampuni ya vitabu hafuati majengo, anafuata orodha ya vitabu vya zamani na wahariri wenye jicho. Jina linaachwa lilivyo kwa sababu mawakala (wanaowatafutia waandishi wachapishaji) na wahakiki wanaliamini. Knopf ina ladha yake, Viking ina yake, Jonathan Cape ina yake. Hapa niongeze jambo linalowachanganya wengi wetu: William Heinemann ya riwaya leo iko ndani ya Penguin Random House, lakini Heinemann ya shuleni, iliyotoa African Writers Series, mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika, kuanzia 1962, ilifuata njia nyingine. Tawi lake la Nairobi ndilo lililokuja kuwa East African Educational Publishers chini ya Henry Chakava.

Sasa muswada. Nembo zao nyingi, yaani hayo majina ya uchapishaji ndani ya kampuni, hazipokei kazi isiyopitia kwa wakala. Wakala kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya mapato yako, na huwa anajua mhariri gani anatafuta nini. Mhariri akikipenda kitabu, hakubali peke yake. Anakwenda kwenye kikao na watu wa mauzo, matangazo na fedha, akiwa na makadirio: nakala ngapi, bei gani, gharama gani, mwandishi alipwe nini mapema. Malipo hayo ya awali ni mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, unaolipwa kabla haujapatikana. Chukua kitabu cha jalada laini cha pauni 10, mrabaha wa asilimia 7.5. Unapata senti 75 za pauni kwa nakala. Kama ulilipwa pauni 10,000 mwanzoni, lazima ziuzwe nakala zaidi ya 13,300 ndipo uanze kuona pesa nyingine. Vitabu vingi havifiki hapo. Mwandishi hadaiwi kilichobaki, lakini kitabu chake cha pili kitajadiliwa kwa hesabu za kile cha kwanza.

Sehemu ninayoijua zaidi ni inayofuata, na ndiyo ambayo waandishi hawaioni. Miezi kadhaa kabla kitabu hakijatoka, mwakilishi wa mauzo alikuja dukani na orodha. Vitabu vichache vilipata maelezo marefu, nakala za kusoma mapema na ahadi ya matangazo. Vingine vilipata sentensi moja. Mwenye duka aliuliza swali lilelile kila mara: huyu kitabu chake kilichopita kiliuza ngapi? Kisha akaandika oda, kumi kwa hiki, kimoja kwa kile, sifuri kwa kingine. Kitabu kilicholipiwa pesa nyingi ndicho kilichopiganiwa, kwa sababu kampuni ilikuwa na pesa yake ya kuokoa. Nililiona hilo kwa vitabu vizuri sana vilivyopita pale mezani bila mtu kuuliza hata vinahusu nini, na bado linaniuma.

Halafu kuna marejesho. Duka hupata punguzo la asilimia 40 au zaidi, na kisichouzika linakirudisha kwa mchapishaji na kufutiwa deni. Desturi hii ilishika mizizi Marekani wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Nimefunga maboksi ya riwaya ambazo hazikukaa rafuni hata nusu mwaka. Nyingine huuzwa tena, nyingine husagwa. Kwa hiyo ukisikia "nakala 20,000 zimechapwa", usizihesabu kuwa zimeuzwa.

Ukubwa wao una madhara kwa waandishi, na nashukuru kuna mahakama iliyolitazama hilo moja kwa moja. Novemba 2020 walikubaliana kuinunua kampuni pinzani ya Simon & Schuster kwa dola bilioni 2.175. Serikali ya Marekani iliwashtaki, na hoja yake haikuegemea bei anayolipa msomaji. Iliegemea malipo ya waandishi, hasa wale wa dola 250,000 na kuendelea: washindani wakipungua, mnada wa muswada unapoa. Stephen King, mwandishi maarufu wa riwaya, alitoa ushahidi upande wa serikali. Tarehe 31 Oktoba 2022 Jaji Florence Pan aliuzuia ununuzi huo. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa kwa maoni yangu.

Mfano wa karibu nasi ni Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar. *Paradise* ilitoka mwaka 1994 kwa Hamish Hamilton, nembo ya Penguin, ikaingia orodha fupi ya tuzo ya Booker. Baadaye alihamia Bloomsbury, ambayo haimo katika kundi hili. Alipopata Nobel mwaka 2021, vitabu vyake vilikuwa adimu madukani Marekani. Ndipo Riverhead, nembo nyingine ya Penguin Random House, ikachukua haki za huko na kutoa *Afterlives* mwaka 2022. Mwaka huohuo Mkuki na Nyota, wachapishaji wa hapa Dar es Salaam, wakatoa *Peponi*, tafsiri ya *Paradise* iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Haki za mwandishi mmoja zimegawanyika kwa nchi na kwa lugha, na kila kipande kina mkataba wake.

Kwa hiyo, mkuu, riwaya ya Kiswahili usiitume London. Mhariri wa kule hana namna ya kuisoma, na kikao chake hakina makadirio ya soko letu. Itoe hapa kwanza, kwa mchapishaji atakayeihariri kwa dhati, kisha tafsiri nzuri ya sura chache ndiyo impelekee wakala. Kwenye mkataba wa hapa, mpe haki za Kiswahili tu, haki za tafsiri zibaki kwako. Na kipengele cha kurudishiwa haki kisiandikwe "kitabu kikiacha kupatikana", kwa sababu siku hizi faili moja kwenye kompyuta linatosha kusema kinapatikana milele. Kiandikwe kwa idadi: mauzo yakishuka chini ya nakala kadhaa kwa mwaka, haki zinarudi kwako.