Mama hajasahau, mmemchanganya

Mama ana miaka 71 na bado anakaa kwenye cherehani. Mwaka jana aliharibu kitenge cha watu: alikikata kwa vipimo vya mteja mwingine. Nyumbani tukaanza kunong'ona kwamba akili zimeanza kumtoka. Mimi ndiye niliyemwambia aache kazi.

Kisha nikashinda naye kibandani siku nzima. Mteja akiingia, mama humtazama mabega tu akajua kama kitambaa kitatosha. Gauni analikata bila karatasi. Saa nne wakaingia wawili pamoja, redio inapiga kelele, simu ikaita. Akasimama na tepu mkononi: "Hivi nilikuwa napima nini?"

Mwanasaikolojia Raymond Cattell alitofautisha akili za aina mbili: ya kukabili jambo jipya papo hapo, na ile inayojengwa na ujuzi, maneno na mazoea. Ya kwanza hupungua kasi mapema, ya pili hudumu hadi uzeeni. Kushika mambo mawili kwa pamoja na kupuuza kelele ni kazi ya ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso. Sehemu hiyo huchelewa kukomaa, hadi miaka ya 20 na kitu, tena huwahi kusinyaa. (Kwa hiyo kijana wa miaka 19 anayemcheka bibi yake, ubongo wake wa mbele bado unajengwa.)

Siku hizi redio huzimwa wakati wa kupima. Vipimo huandikwa kwenye kikaratasi na kubanwa kwa pini juu ya kitambaa chenyewe. Mteja wa pili anapewa kigoda asubiri. Tulimpima na presha pia. Ilikuwa juu, na yeye haumwi popote! Presha ya muda mrefu huharibu mishipa midogo ya ubongo, kwa hiyo dawa anameza kila asubuhi, ingawa tuligombana kwanza.

Ila mzee akipotea njia ya nyumbani kwake, au mpole akianza kutukana na kugawa pesa ovyo, usiseme ni uzee. Mpeleke kwa daktari. Akichanganyikiwa ghafla, mpeleke hospitali siku hiyohiyo: huenda ni kiharusi, sukari, maambukizi au hata dawa anazotumia.

Juzi nilimsemesha akiwa na mkasi.

"Ngoja," akasema bila kuinua kichwa, "nimalize mkono wa kulia."