Vipokezi vya Kinga Vikipanda Damuni

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Kaka yangu ana homa isiyokwisha na tezi zimemvimba shingoni. Alipimwa damu Dar es Salaam, majibu yakasema vipokezi huru vya interlukini-2 viko juu. Hapa mtaani washasema ni saratani. Ni kweli?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Kipimo hicho peke yake hakithibitishi saratani, na waambie hivyo hao majirani. Seli T, askari wa kinga, zikiamshwa hujaza vipokezi vya interlukini-2 kwenye utando wake; interlukini-2 ni ujumbe wa kemikali wa seli za kinga, na kipokezi ni mlango wa kuupokea. Vimeng'enya hukata sehemu ya nje ya mnyororo wa alfa, mmoja wa minyororo inayounda kipokezi, nayo ikabaki kuelea damuni; ndiyo hivyo vipokezi huru. Mtafiti Rubin na wenzake walilieleza jambo hili Marekani mwaka 1985. Basi kipimo kinaonesha kwamba kinga imechachamaa, hakimtaji aliyeichokoza. Limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, huvipandisha, kifua kikuu pia, sakoidosisi (ugonjwa wa vinundu vya uvimbe mwilini) pia, hata figo zikiwa dhaifu.

Nakuomba sana, msiishie hapo. Tezi ikatwe kipande kiangaliwe kwa hadubini, na kipimwe kifua kikuu, ambacho dawa zake ni bure na kinapona. Asimeze steroidi, dawa za kutuliza kinga na uvimbe, kabla ya kukatwa hicho kipande, maana zinaweza kuificha limfoma. Bandama ikivimba na chembe za damu zikishuka huku homa ikiendelea, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo.