Maswali Yenu: Bi Mkubwa Ameshameza au Bado?

SWALI: Assalaam alaykum. Mama yangu ana miaka 74, tunakaa naye Makorora, hapa Tanga. Ana presha na sukari, dawa aina tano. Mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini, anabaki na mjukuu wake wa miaka 12, ndiye anayemkumbusha. Jioni nikiuliza kama amemeza, mara ndiyo, mara hakumbuki. Juzi nimehesabu vidonge vya presha nikakuta pungufu. Nifanyeje? – *Binti wa Makorora*

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Umefanya la maana kuhesabu. Vidonge vikibaki vingi, mgonjwa anasahau. Vikipungua, anarudia dozi, na hilo ndilo la kuanza nalo, kwa sababu presha ikishuka mno humwangusha mzee njiani akienda chooni.

Zimwage dawa zote kwenye mkeka, pamoja na zile za chini ya mto na za kwenye mkoba. Jina kubwa la mbele ya pakiti ni la kiwanda, liache. Soma maandishi madogo ya chini yake. Mwezi huu mtapewa pakiti nyeupe, mwezi ujao ya bluu, majina hayafanani hata kidogo, kumbe zote chini zimeandikwa amlodipini, dawa ya presha, miligramu 5. Mama akidhani ni dawa mbili atameza zote, na hapo amekula miligramu 10. Vifundo vya miguu vikivimba nyumba nzima inasema ni uzee. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu hata kwa dozi sahihi, ikizidi ndiyo zaidi. Kama miligramu ni zile zile, pakiti ya zamani iishe kwanza, mpya ifungiwe kabatini.

Soma na bahasha. 1x1 ni kidonge kimoja mara moja kwa siku. 1x2 ni kimoja asubuhi na kimoja jioni, wala si viwili kwa mpigo. Dawa aina tano mara nyingi huingia kwenye nyakati mbili tu: baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha usiku. Metformini, dawa ya sukari, imezwe na chakula, la sivyo tumbo litavuruga naye ataikataa. Dawa ya kukojosha iwe ya asubuhi. Ukimpa usiku ataamka mara tatu gizani. Kama ipo iliyoandikwa 1x3, usiisogeze mwenyewe, uliza kliniki kama ina badala yake.

Kuhusu mjukuu, hapo hatukubaliani nawe. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuleta maji, lakini asibebeshwe dozi. Mama yuko macho tangu Alfajiri, nawe hujatoka. Mpe chai na andazi au muhogo, ameze mbele yako, ndipo uondoke. Za usiku umesharudi. Dawa zikae kwako, si kwake.

Nunua kisanduku cha vidonge chenye vyumba 14, asubuhi na usiku kwa siku saba. Kikikosekana, bahasha 14 zilizoandikwa siku zinatosha. Mtu mmoja akijaze, siku ile ile kila wiki. Vidonge usivitoe kwenye karatasi yake, kata kwa mkasi kimoja kimoja, maana unyevu wa pwani yetu huvilainisha na kuviharibu. Kipande chenye tarehe ya mwisho wa matumizi kikate cha mwisho. Kisanduku kisikae jikoni wala dirishani. Ukutani bandika kalenda, na alama iwekwe mama akishameza, si ukishampa. Wapo wanaokiweka kidonge shavuni.

Ukitegesha simu, kumbuka saa mbili usiku kwenye simu ni 20:00. Ukiandika 2:00 italia saa nane usiku.

Dozi ikisahaulika, kwa dawa ya presha ya mara moja kwa siku, ameze akikumbuka siku hiyo hiyo. Ikikaribia dozi inayofuata, airuke. Asifidie kwa kumeza mbili.

SWALI: Babu yetu, Chumbageni, anameza glibenklamaidi, dawa ya sukari, alfajiri, kisha hali kitu mpaka saa tano. Kuna siku anatoka jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Wengine wanasema ni malaria. – *Mjukuu*

JIBU: Hizo ni dalili za sukari kushuka, na dawa hiyo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Inalazimisha mwili kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, chakula kiwepo kisiwepo. Hali ikitokea na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Subiri dakika 15, rudia kama hajapata nafuu, kisha ale. Hata akiamka vizuri apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu glibenklamaidi huendelea kufanya kazi kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena. Akipoteza fahamu usimwagie chochote mdomoni, mlaze ubavu mkimbilie hospitali ya Bombo.

Kidonge kimezwe na chakula, asipokula asimeze. Mwulizeni na daktari kama inafaa kumbadilishia. Kwa wazee dawa hii ina matatizo mengi kuliko nyingine. Mwezi wa Ramadhani msingoje uandame, nendeni kliniki wiki kadhaa kabla.

SWALI: Naweza kumsagia mama vidonge kwenye uji? Vinamkwama. – *Msomaji, Pongwe*

JIBU: Vingine ndiyo, vingine hatari. Jina likifuatwa na herufi SR, XR, MR au LA, au neno "retard", kidonge kimetengenezwa kutoa dawa polepole. Nifedipini (dawa ya presha) ya aina hiyo ukiisaga, dozi ya saa nyingi huingia kwa pamoja na presha inaporomoka. Onyesha kila pakiti kwa mfamasia kabla ya kusaga. Kwanza mjaribu hivi: akae wima, anywe funda la maji, aweke kidonge ulimini, ainamishe kidevu kidogo kuelekea kifuani, ndipo ameze kwa maji ya kutosha. Kuinua kichwa juu ndiko kunakokwamisha.

SWALI: Presha ya baba sasa ni 128/78. Aache dawa? – *Ngamiani*

JIBU: Hapana. Hiyo ni dawa inafanya kazi. Ila hesabuni pakiti: nyingine zina vidonge 28, na mwezi una siku 30 au 31. Rudini kliniki vikiwa vimebaki vya wiki moja, na kama baba anajinunulia diklofenaki ya maumivu ya magoti dukani, mwambieni daktari, kwani hupandisha presha na kuumiza figo.