Kabla Hujafunga Bahasha ya Annapolis

Mwanangu alipopata nafasi katika Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani, kile cha Annapolis, Maryland, tulilia kwa furaha hapa Columbus, Ohio. Alikuwa ameshapita mengi: pendekezo la mbunge, vipimo vya afya, mtihani wa nguvu za mwili. Nikadhani kilichobaki ni kujaza fomu na kwenda posta. Kumbe fomu nazo zina mitego yake, hasa kwa familia kama yetu iliyotoka Tanga.

Kilichotukwamisha ni tarehe. Mwanangu alikuwa hajatimiza miaka 18, kwa hiyo ilitakiwa ridhaa ya mzazi. Baba yake akasaini tarehe 9 Aprili, akaandika kama tulivyofundishwa shule ya msingi, siku kwanza: 9/4. Marekani mwezi ndio hutangulia. Aliyeipokea akasoma 4 Septemba, siku ambayo bado haijafika, na fomu ikarudi. Mwisho wetu wa kukubali nafasi ulikuwa 1 Mei. Zile siku za kungoja fomu ije, isainiwe upya na kurudishwa, sikuwa na usingizi. Wazazi wenzangu, andikeni mwezi kwa herufi. Mkikuta fomu ina visanduku vya tarakimu, someni maandishi madogo yaliyo chini yake kabla ya kushika kalamu.

La pili ni jina. Sisi mtoto hubeba jina lake, la baba na la babu. Huku kila karatasi ilikuwa imelikata kivyake: cheti cha kuzaliwa kina majina yote matatu, shule imeacha la katikati, benki imeweka herufi moja na nukta. Tuliamua pasipoti yake ya Marekani ndiyo iwe kipimo, na kila fomu ikafuata pasipoti herufi kwa herufi. Hata fomu ya benki, ambayo wengi huijaza harakaharaka. Chuo hakitozi ada, na mwanafunzi hulipwa posho kila mwezi. Jina likipishana na la akaunti, posho inaweza kukwama.

Chanjo nayo. Kadi yake ya kliniki ilikuwa ya Kiswahili, tukaitafsirisha kwa Kiingereza na mfasiri akaweka saini yake. Kama mtoto wako ana lile kovu la BCG begani, mwambie daktari mapema: kipimo cha kifua kikuu cha kuchoma ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, ilhali kipimo cha damu hakidanganywi nayo.

Usimsainie kijana. Mwache akae na karatasi, asome mwenyewe kwamba akihitimu ana deni la kutumikia jeshi miaka mitano kwa uchache. Sisi tulizima televisheni jioni nzima, tukasoma pamoja ukurasa kwa ukurasa, na maswali aliyouliza usiku ule yalinionyesha kwamba anajua anakokwenda.

Posta sasa. Piga nakala ya kila ukurasa kwanza, hata ule wenye saini moja tu. Tazama anwani: kama ni sanduku la posta, kampuni binafsi za vifurushi haziwezi kufikisha humo, ni posta ya serikali peke yake. Kaunta omba barua ya rejista inayosainiwa na mpokeaji, pamoja na ile kadi ya kijani ya kurudisha uthibitisho. Stempu ya kawaida haitoshi kwa karatasi za namna hii. Tena usihesabu siku uliyotuma, hesabu siku watakayopokea, labda barua yako iseme muhuri wa posta ndio unaohesabiwa. Sisi mara ya pili tulituma Jumatatu asubuhi, ili bahasha isilale njiani Jumapili.

Kadi ya kijani ilirudi ikiwa na saini ya mpokeaji. Niliibana pamoja na risiti ndani ya faili lenye nakala zote, na mwishoni mwa Juni, siku ya kuripoti, mwanangu aliingia getini Annapolis na faili lile kwapani.